Wa Kwanza, wa Mwisho, wa Bei Kali: Wanyama Waliopita Katika Bustani Ndogo ya Paris

Ndani ya Jardin des Plantes, bustani kongwe ya mimea iliyo kando ya mto Seine mjini Paris, kuna bustani ya wanyama yenye hekta 5.5 tu. Ni kama viwanja vinane vya mpira, na ukitembea bila haraka unaimaliza kabla ya saa ya chakula cha mchana. Wanyama wakubwa kama tembo na twiga hawafugwi tena hapo, kwa sababu nafasi haiwatoshi na haikuwahi kuwatosha. Hata hivyo, miongoni mwa bustani za wanyama zilizo wazi hadi leo, inayoizidi umri ni ile ya Schönbrunn mjini Vienna, iliyoanzishwa mwaka 1752. Ya Paris ilianza 1794, na katika miaka yote hiyo wamepita humo wanyama walioweka rekodi ambazo bustani kubwa za leo hazina.

Wengi wao walitoka Afrika. Baadhi ya watu waliowatunza nao walitoka Afrika. Nimewakusanya hapa wale ambao naona hawastahili kusahauliwa, na mwishoni nitasema nani, kwa maoni yangu, anashika nafasi ya kwanza.

Watano wa mwanzo

Kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa, wanyama wa kigeni walikuwa mali ya mfalme na walikaa Versailles. Mfalme alipoondolewa huko mwaka 1789, zizi lake likaporwa. Wengine waliibwa, wengine wakaliwa. Miaka michache baadaye walikuwa wamebaki watano wa kutajika: kifaru wa India, simba wa Senegal na mbwa wake, kongoni, njiwa mkubwa mwenye kishungi, na kwaga, yule jamaa wa punda milia kutoka kusini mwa Afrika ambaye milia yake iliishia mabegani na mgongo wake ukawa wa kahawia mtupu.

Mwandishi Bernardin de Saint-Pierre, aliyekuwa msimamizi wa Jardin des Plantes, alitetea wahamishiwe Paris ili wasomwe na wataalamu na wananchi wawaone bila kiingilio cha kifalme. Kifaru hakuwahi kuhama akiwa hai. Alikuwa ameletwa kutoka Chandernagor mwaka 1770, akakaa Versailles miaka 23, akafa 1793. Mwili wake ulipasuliwa na wanasayansi, na mifupa na ngozi yake vimo ndani ya Makumbusho ya Historia Asilia ya Paris mpaka leo.

Wakati huohuo, Novemba 1793, polisi wa Paris waliamuru wachezeshaji wa wanyama mitaani wanyang'anywe wanyama wao na wapelekwe Jardin des Plantes. Hapakuwa na vizimba, hapakuwa na fungu la fedha wala chakula. Aliyewapokea getini alikuwa Étienne Geoffroy Saint-Hilaire, profesa wa elimu ya wanyama mwenye umri wa miaka 21. Angeweza kuwafukuza, lakini aliwaweka uani chini ya madirisha yake. Jina lake tutakutana nalo tena, akiwa mzee mwenye baridi yabisi, akitembea kwa miguu mbele ya twiga.

Kati ya hao watano, urafiki uliovuma kuliko wote ulikuwa wa simba na mbwa. Walilelewa pamoja tangu wadogo, wakavuka bahari pamoja, wakalala kizimba kimoja. Georges Toscan, mkutubi wa Makumbusho, aliwaandikia kitabu kizima. Mbwa alitangulia kufa, na simba hakuishi muda mrefu baada yake.

Kwaga naye alifia Paris mwaka 1798. Wakati ule hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa kule Rasi ya Tumaini Jema walikuwa wakitembea makundi kwa makundi. Wa mwisho duniani alikufa Amsterdam tarehe 12 Agosti 1883. Ngozi ya yule wa Paris ilijazwa, na ni miongoni mwa ngozi chache za kwaga zilizobaki ulimwenguni.

Waliopigiwa muziki

Mwaka 1795 jeshi la Ufaransa liliingia Uholanzi, na miongoni mwa ngawira kulikuwa na tembo wawili wa mtawala wa nchi ile. Walikuwa wamezaliwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Dume aliitwa Hans, jike Parkie, ingawa Wafaransa walimwita pia Marguerite. Kuwasafirisha kulikuwa kazi ya miaka, na walifika Paris Machi 1798.

Tarehe 29 Mei mwaka huohuo wanamuziki wa Chuo cha Muziki cha Paris walikuja na ala zao kuwapigia tembo. Lengo lilikuwa la kisayansi: kuona muziki unamfanya nini mnyama ambaye hajui sifa wala aibu za binadamu. Walianza na nyuzi, wakaendelea na zumari, wakapiga vipande vya Gluck, wakapiga pia Ça ira, wimbo wa Mapinduzi uliokuwa midomoni mwa kila mtu. Kila badiliko liliandikwa: masikio yameinuka, mkonga umenyooshwa kuelekea sauti inakotoka, jike amemkaribia dume na kumpapasa. Parkie ndiye aliyeguswa zaidi. Kwa Ça ira alichangamka, akapiga kelele na kuzungukazunguka.

Tamasha lile lilichekwa na wengine. Mimi naliheshimu. Ni mara chache katika karne ile mtu alijisumbua kumuuliza mnyama wa kizimbani anahisi nini, hata kama swali lenyewe liliulizwa kwa filimbi. Hans alikufa 1802. Parkie aliishi zaidi ya miaka kumi bila yeye.

Wa mwisho wa aina yao, na hakuna aliyejua

Oktoba 1800, nahodha Nicolas Baudin aliondoka Ufaransa na meli mbili, Géographe na Naturaliste, kwenda kuchunguza pwani za Australia. Kwenye visiwa viwili vya kusini mwa bara lile, kisiwa cha King na kisiwa cha Kangaroo, watu wake walikuta emu wafupi. Emu ni ndege asiyeruka, jamaa wa mbuni. Wa bara humfikia mtu mzima kwa kimo au kumpita, lakini wale wa kisiwa cha King walikuwa wadogo sana na weusi-weusi. Mwanasayansi wa safari, François Péron, alimhoji mwindaji wa sili aliyekuwa akiishi kisiwani, akiwa na orodha ya maswali: wanataga wapi, wanakula nini, wanakimbiaje, nyama yao ikoje. Majibu yale ndiyo karibu kila kitu tunachokijua kuhusu maisha ya ndege hao porini, nayo yalitoka kwa mtu aliyewajua kwa kuwala.

Baudin aliwapakia baadhi yao wakiwa hai. Wataalamu wake wakalazimika kuacha vyumba vyao melini ili kangaruu na emu wapate mahali, jambo lililozua manung'uniko ambayo hayakuisha hadi mwisho wa safari. Ndege walipokataa kula, nahodha aliamuru walishwe kwa nguvu matonge ya wali uliopondwa, na walipodhoofu wakanyweshwa divai na sukari. Baudin mwenyewe hakufika kwao. Alikufa kwenye kisiwa cha Morisi mwaka 1803, na Géographe ikaingia bandari ya Lorient bila yeye Machi 1804. Emu waligawanywa. Wengine walikwenda kwenye bustani ya Josephine, mke wa Napoleon, huko Malmaison, na wengine Jardin des Plantes.

Huko visiwani mambo yalikwenda mbio. Wawinda sili walikuwa na mbwa waliofundishwa kukamata emu, na kwa ndege asiyeruka kwenye kisiwa kisicho na mahali pa kukimbilia, mbwa wachache wanatosha. Kwenye kisiwa cha King walikwisha kabisa katika miaka michache tu, mnamo 1805. Kwa hiyo emu wa King waliokuwa Paris walibaki peke yao duniani. Waliishi hapo hadi 1822, wakafa.

Watu walipita mbele ya ua wao miaka kumi na saba, baba kwa mtoto, Jumapili kwa Jumapili, na hakuna aliyejua anatazama nini. Hata wataalamu hawakujua. Waliwahesabu kuwa emu wa kawaida, labda wasiokua vizuri, na ilichukua muda mrefu kabla ya sayansi kutambua kwamba wa King na wa Kangaroo walikuwa emu wa kipekee, kila kisiwa na wake. Hakuna gazeti lililotangaza kifo chao. Ngozi na mifupa ikawekwa ghalani, na lebo zikachanganyika kiasi kwamba wataalamu wanabishana hadi leo mfupa upi ni wa kisiwa kipi.

Aliyetembea mbali kuliko wote

Sasa twiga. Hapa nitakaa kidogo.

Alikamatwa akiwa ndama huko Sennar, Sudan, mnamo 1824 au 1825, baada ya wawindaji kumuua mama yake. Alifungwa juu ya ngamia hadi Khartoum, akateremshwa kwa mashua mto Nile hadi Aleksandria. Aliyemtaka ni Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri, ambaye jeshi lake lilikuwa vitani Ugiriki na Ulaya ilikuwa imemkasirikia. Balozi mdogo wa Ufaransa nchini humo, Bernardino Drovetti, alimpa wazo kwamba zawadi ya twiga ingempoza Mfalme Charles X. Ndama walipatikana zaidi ya mmoja. Mwingine alipelekwa kwa mfalme wa Uingereza na akafa 1829, na wa tatu akaenda Vienna. Wa Ufaransa ndiye aliyeishi.

Meli ilitobolewa tundu kwenye sitaha ili shingo ipate pa kutokea, na kingo za tundu zikazungushiwa majani makavu asijichubue. Ng'ombe watatu walipakiwa kwa ajili ya maziwa yake, lita kama 25 kwa siku. Shingoni alivishwa hirizi yenye aya za Kurani. Pamoja naye walisafiri watunzaji wake, Hassan, Mwarabu, na Atir, Msudani. Walitia nanga Marseille mwishoni mwa Oktoba 1826, na twiga akaingizwa mjini usiku ili kuepuka vurugu. Hapo alipitisha majira ya baridi kwenye ua wa mkuu wa mkoa.

Swali likawa atafikaje Paris. Kwa meli kuzunguka Hispania ilionekana hatari, kwa mashua za mtoni hakutosha. Makumbusho yakamtuma Geoffroy Saint-Hilaire, yule kijana wa 1793 ambaye sasa alikuwa na miaka 55 na viungo vinamuuma. Aliamua atembezwe. Akaagiza ashonewe koti la mvua lenye nembo ya mfalme, akapanga mikokoteni, akaomba askari wa farasi wa kuzuia umati, na tarehe 20 Mei 1827 wakashika njia. Ng'ombe walitangulia, twiga akafuata maziwa yake. Hassan na Atir walishika kamba. Profesa alitembea nao.

Walifanya takriban kilomita 900 kwa siku 41. Kila kijiji kilimwaga watu barabarani, na Lyon ilijaa hadi askari wakazidiwa. Tarehe 30 Juni 1827 waliingia Paris, na tarehe 9 Julai wakampeleka kwa mfalme kwenye kasri la Saint-Cloud. Tangu yule wa familia ya Medici aliyefika Florence mwaka 1487, Ulaya haikuwa imemwona twiga hai, na Ufaransa haikuwa imemwona kamwe. Majira yale ya kiangazi watu zaidi ya 100,000 walikwenda kumtazama. Wanawake walifunga nywele juu kama pembe zake, sahani na vitambaa vikachorwa umbo lake, na mafua ya msimu ule yakaitwa mafua ya twiga.

(Msomaji wa pwani atasema, na kwa haki, kwamba Malindi ilikuwa imemtuma twiga wake mbali zaidi na mapema zaidi. Mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulimfikishia twiga Mfalme Yongle wa China. Lakini yule alikwenda kwa merikebu. Kwa miguu, rekodi ni ya huyu wa Sennar.)

Mtu ninayemfikiria zaidi katika habari hii ni Atir. Hassan alirudi Misri. Atir alibaki. Alijengewa kijukwaa ndani ya Rotonde, jengo la matofali ambamo twiga alilala wakati wa baridi, na kitanda chake kilikuwa juu, usawa wa kichwa cha mnyama. Alipanda kwa ngazi. Kila siku alimpiga brashi mwili mzima, na usiku aliweza kunyoosha mkono na kumkuna bila kuamka. Baridi ya Paris waliipitisha pamoja, Msudani na twiga wa Sudan, ndani ya chumba kilichopashwa joto na pumzi za ng'ombe. Wageni walikuja kumtazama mnyama wakamkuta na mtu huyo, na wengi wao walikuwa hawajawahi kumwona Mwafrika kwa karibu.

Mwaka 1839 aliletwa twiga wa pili wa kuwa mwenzake. Wa kwanza alikufa tarehe 12 Januari 1845, baada ya miaka zaidi ya 17 Paris. Jina la Zarafa, analojulikana nalo siku hizi, ni la waandishi wa baadaye sana. Enzi zake aliitwa tu mnyama mzuri wa mfalme.

Wa bei kali

Septemba 1870 jeshi la Prussia liliizingira Paris. Kufikia Desemba, nyama ya farasi ilikuwa ya wenye bahati, na panya walikuwa na bei sokoni. Bustani za wanyama za mji hazikuwa na majani wala nafaka za kulisha wanyama wao, zikaanza kuwauza. Krismasi ile, siku ya 99 ya mzingiro, mkahawa wa Voisin uliandika kwenye orodha yake ya vyakula ngamia wa kuchoma, mchuzi wa kangaruu, mbavu za dubu na paja la mbwamwitu.

Tembo wawili mashuhuri wa Paris, Castor na Pollux, waliokuwa wakibeba watu mgongoni enzi za amani, walinunuliwa na mwenye bucha aitwaye Deboos kwa faranga 27,000 wote wawili. Walipigwa risasi mwisho wa Desemba. Mikonga ndiyo iliyouzwa ghali zaidi, faranga 40 na zaidi kwa ratili, na waliokula nyama yenyewe waliandika kwamba ni ngumu na ina mafuta.

Simba na chui waliachwa, maana kuwakaribia ili kuwachinja ni shughuli. Nyani nao waliachwa, kwa kuwa watu waliona wanafanana nao mno. Na kiboko wa Jardin des Plantes aliokolewa na bei yake. Bustani ilitaka faranga 80,000, na hakuna mwenye bucha aliyezipata. Hivyo kiboko mmoja alithaminiwa karibu mara tatu ya tembo wawili, na thamani hiyo ikamlinda kuliko ukuta wowote wa jiji. Januari 1871 makombora ya Prussia yalianguka hadi ndani ya bustani na kuvunja nyumba za vioo za mimea. Kiboko akanusurika.

Walioandikwa na kuchorwa

Hapa nitapita haraka, ingawa wapenzi wa sanaa wangetaka zaidi. Mchongaji Antoine-Louis Barye alijifunza misuli ya simba na chui kwa kukaa mbele ya vizimba hivi na kuingia chumba cha kupasulia mizoga, pamoja na rafiki yake mchoraji Eugène Delacroix. Henri Rousseau alichora misitu mikubwa ya joto bila kutoka Ufaransa hata mara moja. Misitu yake ilikuwa nyumba za vioo za Jardin des Plantes, na wanyama wake wametoka hapa. Lakini aliyesomwa zaidi ni chui mmoja wa mwanzoni mwa karne ya 20. Mshairi Rainer Maria Rilke alimtazama akizunguka ndani ya nondo, akamwandikia shairi fupi ambalo watoto wa shule nchi za Kijerumani wanalijua hadi leo. Jina la chui huyo halikuandikwa popote.

Mwaka 1923

Mwaka huo mmoja ulileta rekodi mbili, moja ya huzuni na moja ya uvumilivu.

Kongoni tunaowajua kwenye nyika za Tanzania na Kenya walikuwa na ndugu kaskazini, kuanzia Moroko hadi Misri. Wamisri wa kale waliwafuga na kuwatoa sadaka. Katika karne ya 19 waliwindwa kwa bunduki, kundi baada ya kundi, hasa Algeria na Moroko. Jike mmoja wa kongoni hao wa kaskazini alikuwa akiishi Jardin des Plantes, na alikufa Novemba 1923. Ndiye wa mwisho anayejulikana kufugwa popote. Porini hawakuchukua muda, na leo wamo kwenye orodha ya waliotoweka.

Mwaka huohuo aliingia kobe mkubwa kutoka Bahari ya Hindi, akiletwa kutoka Morisi na mwanasayansi Paul Carié. Alikuwa dume, akaitwa Kiki. Aliyefika Changuu, kile kisiwa mbele ya mji wa Unguja, anajua Kiki alifananaje, maana kobe wanne wa kwanza wa Changuu waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919 kama zawadi, miaka minne tu kabla yake. Gamba lile la kijivu kama jiwe lililooshwa na mvua, shingo ndefu yenye mikunjo, miguu mizito inayonyanyuliwa moja moja.

Kiki alikaa Paris miaka 86. Wajerumani waliuteka mji mwaka 1940 na wakaondoka 1944, yeye yupo. Marais walipokezana, yeye yupo. Watoto waliomtazama miaka ya 1920 walirudi na vitukuu. Alifikia kilo 250. Alikufa tarehe 30 Novemba 2009, akikadiriwa kuwa na miaka 146, na kati ya wote ninaowataja hapa hakuna aliyemkaribia kwa muda aliokaa. Kule Changuu wenzake walipata shida nyingine: waliibwa na kuuzwa nje hadi kufikia 1996 wakabaki saba, ndipo likajengwa ua wa kuwalinda na idadi ikapanda tena. Kiki hakuwa na wezi wa kuogopa, ila hakuwahi tena kukanyaga mchanga wa kisiwa.

Aliyetoka pasipotarajiwa

Machi 1984, wafanyakazi wa mabomba ya maji taka ya Paris waliwaita zimamoto karibu na daraja la Pont Neuf. Chini ya ardhi palikuwa na mamba. Alikuwa mdogo bado, na alikuwa mamba wa Nile, aina ileile ya Rufiji na Mara. Inaelekea mtu alimnunua akiwa kitoto cha mamba, akamchoka, akamtupa. Zimamoto wakamfunga mdomo na kumtoa. Jardin des Plantes ilimhifadhi kwa muda mfupi, kisha akahamishiwa nyumba ya samaki na wanyama wa majini mjini Vannes, ambako alikua na kuitwa Éléonore. Aliishi hadi 2022. Ukaaji wake bustanini ulikuwa mfupi kuliko wa yeyote katika orodha hii, na bado ndiye anayeulizwa na watoto.

Nénette

Siandiki mengi juu yake, kwa kuwa habari hii ni ya waliopita, naye mwaka 2019 Paris ilimfanyia sherehe ya kutimiza miaka 50. Ni orangutani wa kike, aliyezaliwa porini Borneo na kufika Jardin des Plantes mwaka 1972. Amewazika madume watatu. Mwaka 2010 mwongozaji Nicolas Philibert alimtengenezea filamu nzima ambamo kamera haimwachi: unamwona yeye, na unasikia tu sauti za watu walio upande wa pili wa kioo. Orangutani wa porini hufikia umri huo kwa nadra sana.

Nani wa kwanza?

Wengi watamchagua twiga, na namwelewa kila anayemchagua. Mwingine atasema Kiki, kwa umri. Kura yangu naipa emu wa 1822. Twiga wapo bado, ingawa wanapungua. Kobe wakubwa wapo Ushelisheli na Changuu. Viboko wapo, mamba wapo. Wale emu walikuwa aina nzima iliyobaki, ikiishi kwenye ua wa Paris, na waliolipa nauli kuja kuwaona hawakujua. Rekodi ya kuwa wa mwisho haivunjwi na mtu mwingine. Kongoni wa 1923 anashika nafasi ya pili kwa sababu hiyohiyo.

Kama unaishi Ufaransa au unapita huko, karibu wote hawa unaweza kuwatembelea. Kifaru wa Versailles na kwaga wamo kwenye Makumbusho yenyewe, palepale Jardin des Plantes, na Kiki naye amehifadhiwa huko. Rotonde ya twiga imesimama bado, na ina wanyama. Twiga mwenyewe yuko La Rochelle, pwani ya magharibi, kwenye Makumbusho ya Historia Asilia ya mji ule, amesimama kwenye ngazi. Ukifika, waulize wenyeji habari za Atir pia, kwa sababu bila yeye pengine twiga yule asingemaliza baridi ya kwanza ya Paris.